Karatasi Itoke Gisenyi, Wewe Ukiwa Kokote

Basi la kwenda Kigali lilikuwa limesimama Nyirangarama, pale abiria wanaposhuka kununua viazi vya kuchoma na maji, simu yangu ikaita. Alikuwa mama watoto, kutoka Gisenyi. Shule inataka fomu ya mtoto kesho asubuhi, imejazwa na kutiwa saini, tena iwe karatasi, si picha ya kwenye simu. Fomu yenyewe ilikuwa kwenye barua pepe yangu. Ilikuwa inaelekea saa moja usiku, papeteri, yale maduka ya kuchapishia, zinafunga, na mvua ilikuwa imeshateremka kutoka upande wa volkano ya Nyiragongo. Nikaifungua fomu, nikaituma kwa printa iliyo kwenye kona ya sebule yetu, kama kilomita 100 kutoka pale nilipokuwa nimesimama na kiazi mkononi. Kabla dereva hajapiga honi ya kutuita, ujumbe ukaingia: "Zimetoka nne. Ya tatu ina mstari mweupe katikati."

Huo mstari mweupe tutaurudia, maana una sababu yake.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Gisenyi, au mwenye mtu wake Gisenyi, ambaye nyumbani kuna printa na siku zako nyingi zinapita mbali nayo. Mji wetu umejaa watu wa namna hiyo. Mmoja anavuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri kwenda kuuza Goma, anarudi jioni. Mwingine yuko Kigali kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wa tatu ana ndugu Brussels. Tangu Irembo, tovuti ya huduma za serikali, ianze mwaka 2015, vyeti vingi vya serikali vinaombwa na kulipiwa kwa simu, lakini bado kuna dirisha mahali fulani ambapo mtu atakunyooshea mkono akitaka karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo inatakiwa pale ambapo wewe hupo.

Utaniuliza kwa nini usimtumie tu kijana wa papeteri faili kwa WhatsApp, mtu wa nyumbani akaenda kuchukua. Kwa tangazo la harusi, mtumie, kazi yao ni nzuri na inalisha familia. Kwa pasipoti, taarifa ya benki au majibu ya hospitali, fikiri mara mbili. Niliwahi kukalishwa kwenye kompyuta ya duka moja nichague faili yangu mwenyewe, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa nikakuta vitambulisho vya watu nisiowajua, vimejipanga kwa tarehe, vya miezi mingi. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, na ni sheria nzuri. Ila sheria haiingii dukani jioni kufuta mafaili. Hilo ndilo lililonifanya nitafute namna ya kuitumia printa yangu nikiwa mbali, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Nyumba ndiyo itoke

Wengi wakianza, wazo la kwanza ni kufungua mlango. Waingie kwenye rauta, wafungue poti, ili simu iliyo Kigali au Brussels ibishe hodi moja kwa moja kwa printa. Kwa Gisenyi wazo hilo mara nyingi hufia njiani, kwa sababu intaneti ya nyumba nyingi inatoka kwenye laini ya simu iliyochomekwa ndani ya rauta.

Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Hazitoshi. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fikiria ua mkubwa wenye nyumba nyingi, lango moja, na mlinzi mwenye daftari. Kila anayetoka anaandikwa. Jibu likirudi, mlinzi anatazama daftari, anaona ni nyumba gani iliyoliulizia, analipitisha. Mgeni anayekuja bila kuulizwa na mtu hana mstari wake kwenye daftari, na mlinzi hawezi hata kujua anaitafuta nyumba ipi. Anarudishwa. Hata ukifungua mlango wa nyumba yako wazi kabisa, lango la nje si lako.

Kama unataka kuhakikisha, fungua ukurasa wa rauta yako, utafute anwani iliyopewa na kampuni, halafu ulinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuambia anwani yako. Zikitofautiana, na ya kwenye rauta ikaanza na 10 au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya lango. Starlink, iliyoanza Rwanda mwaka 2023, nayo kwa kifurushi cha kawaida cha nyumbani inafanya vivyo hivyo.

Na ukibahatika kuwa na anwani ya hadharani, nakusihi usifungue. Mwishoni mwa Novemba 2018 mtu mmoja alitafuta printa zilizoachwa wazi kwenye poti 9100, na takriban 50,000 kati ya alizozikuta akazilazimisha zitoe karatasi ya kuwaambia watu wajiunge na chaneli ya PewDiePie ya YouTube. Hakuvunja nenosiri lolote. Printa kwenye poti hiyo haiulizi wewe ni nani, inapokea na kuchapa. Huyo alitaka kutangaza tu. Mwingine anaweza kukumalizia wino usiku mmoja, au akaitumia printa kama dirisha la kuchungulia vingine vilivyomo kwenye mtandao wa nyumba.

Basi kanuni ni moja kwa njia zote nitakazokuonyesha: mgeni asiletwe langoni. Kitu kilichomo ndani ya nyumba ndicho kitoke, kikaulize kama kuna kazi, kirudi nayo. Mlinzi ataruhusu, kwa sababu amekiona kikitoka.

Printa yenye anwani yake

Iangalie kwanza printa uliyonayo. Ikiwa ina Wi-Fi na haijazeeka sana, huenda waliotengeneza wamekwisha kukufanyia sehemu kubwa ya kazi. Epson wana Epson Connect, na HP, Canon na Brother nao wana huduma zao. Natumia ya Epson, kwa hiyo nitaeleza hiyo. Nyingine hazitofautiani nayo sana kwa mawazo.

Unaiunganisha printa na Wi-Fi ya nyumbani, unaisajili kwa programu ya Epson ya kwenye simu au kompyuta, na mwisho printa inapewa anwani yake ya barua pepe, yenye kuishia na print.epsonconnect.com. Kuanzia hapo, chochote utakachokiambatisha kwenye barua na kukituma kwa anwani hiyo kitachapwa nyumbani. Hakuna poti iliyofunguliwa. Printa yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kwa seva ya kampuni kuuliza kama kuna kazi.

Kabla hujaifurahia, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ufanye mambo mawili siku hiyohiyo. La kwanza ni orodha ya wanaoruhusiwa kutuma. Andika anwani za watu wa familia, wengine wote wazuiwe, na ile anwani ya printa usiipe jina la kukisiwa kwa urahisi. La pili ni ukubwa wa karatasi. Hili lilinitesa. Nilituma barua kutoka Kigali, nikasubiri, kimya. Nyumbani wakaniambia taa ya rangi ya chungwa inawaka na kuzimika. Nikawaambia wazime, wawashe. Taa ikarudi. Niligundua jioni kwamba huduma ilikuwa imepangwa kwa karatasi ya Wamarekani, Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na kwenye trei yetu kuna A4, 210 kwa 297. Printa ilikuwa inamsubiri mtu aje aweke karatasi ambayo haiuzwi popote Gisenyi. Ukiwa mbele yake ungebonyeza kitufe ikaendelea. Ukiwa mbali, inasubiri milele. Weka A4 kila mahali: kwenye huduma, kwenye kompyuta, na kwenye printa yenyewe.

Tuma PDF. Faili la Word linaweza kufika limehamisha mistari, kwa sababu fonti ya simu yako haipo kule linakofunguliwa. Sehemu ya maandishi ya barua iache tupu pia, au uizuie kwenye mipangilio, la sivyo utapata ukurasa wa ziada wenye "Habari za jioni" na jina lako.

Halafu jifunze kutuma mara moja tu. Kuna jioni umeme ulikatika mtaani kwetu bila mimi kujua. Nilituma kurasa nne, sikupata jibu, nikatuma tena, nikatuma mara ya tatu. Barua hazikupotea. Zilikuwa zimekaa kwenye seva zinasubiri. Saa saba usiku umeme uliporudi na mtu akabonyeza swichi, mashine iliamka ikaanza kutoa kurasa 12, na mama mkwe aliyekuwa amelala sebuleni akadhani kuna mtu ameingia ndani. Siku hizi nikituma, napiga simu.

Njia hii ndiyo ninayompendekezea mtu wa kawaida, tena bila wasiwasi, kwa fomu za shule, barua, picha, tiketi. Kwa karatasi za siri, jua kwamba faili linapita kwenye seva za kampuni iliyo nje ya nchi, na kwamba anwani ya mtumaji kwenye barua pepe inaweza kughushiwa. Jua pia kwamba huduma ya mwenye mali inaweza kufungwa na mwenye mali. Google walianzisha huduma yao ya Cloud Print mwaka 2010, watu wakaizoea, ofisi zikaijengea taratibu, na tarehe 31 Desemba 2020 ikazimwa. Printa zilikuwa nzima, wino upo, na karatasi hazikutoka.

Printa ya kebo

Usiitupe ile printa ya zamani isiyo na Wi-Fi. Kama ina kebo ya USB na nyumbani kuna kompyuta, inatosha. Tena kompyuta bora kwa kazi hii ni laptopu iliyochoka: kioo kimepasuka, vitufe vitatu havifanyi kazi, lakini betri bado inashika saa moja. Betri hiyo ndiyo itakayoivusha umeme unapokatika.

Weka Chrome Remote Desktop kwenye laptopu hiyo na kwenye simu yako, kwa akaunti ileile ya Google, na uipe PIN ya tarakimu sita au zaidi isiyo mwaka wako wa kuzaliwa. Akaunti yenyewe ilinde kwa uthibitisho wa hatua mbili, maana atakayeipata ameipata nyumba yako. Halafu ingia kwenye mipangilio ya umeme ya laptopu, uizuie isilale, na uiambie isijali kifuniko kikifungwa. Wengi husahau hili la kifuniko. Mtoto anapita, anakifunga kwa adabu, na wewe uko Kigali unatazama kioo cheusi.

Kuchapa kunakuwa hivi: faili unaliweka kwenye Google Drive, unaingia kwenye laptopu kwa simu, unalifungua kule, unachapa kana kwamba umekaa mbele yake. Ni njia ya mzunguko, na vidole vitagongana kwenye kioo kidogo cha simu. Faida yake ni kwamba inafanya kazi na printa yoyote ambayo laptopu hiyo inaijua, hata ya miaka 15, na unaona foleni kwa macho yako. Kazi ikikwama, unaifuta. Bando nalo linaliwa kadiri kioo kinavyobadilika, kwa hiyo usiache video wala kurasa zenye matangazo zikicheza kule.

Njia yako mwenyewe

Hii inataka jioni mbili tatu na mtu asiyeogopa kuandika amri. Ndiyo iliyonifikisha pale Nyirangarama, na ndiyo ninayoitumia kwa kila karatasi yenye jina na namba ya mtu.

Kinachohitajika ni kompyuta ndogo isiyozimwa. Ninayo Raspberry Pi, kibao cha ukubwa wa kadi ya benki kinachokula umeme kidogo kuliko taa ya zamani ya balbu. Laptopu iliyochoka yenye Linux inaweza kazi hiyohiyo. Ndani yake unaweka CUPS, programu ya kuchapa iliyotoka mwaka 1999 na ambayo hadi leo ndiyo inayochapa ndani ya Linux na Mac. Kwenye Pi amri ni `sudo apt install cups`, kisha `sudo usermod -aG lpadmin` ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji, ili uruhusiwe kuongeza printa. Ukurasa wa kuiongoza unafunguka kwa kivinjari kwenye poti 631. Printa nyingi za Wi-Fi za miaka ya karibuni CUPS inazitambua bila kuombwa chochote. Zinazosumbua ni baadhi ya leza za bei ndogo ambazo kiwanda kiliziandikia programu ya Windows tu. Tafuta kwanza kama aina yako inakubali kabla hujanunua Pi.

Sehemu ya pili ni VPN, njia iliyofungwa ambayo vifaa vyako tu ndivyo vinavyopita. WireGuard ni nzuri, imo ndani ya kiini cha Linux tangu mwaka 2020, lakini ukiiweka peke yake inataka angalau upande mmoja uwe na anwani ya hadharani, na tumeshaona lango letu lilivyo. Kwa hiyo natumia Tailscale, ambayo ndani yake ni WireGuard ileile, ila ina seva ya kati ya kukutanisha pande mbili: Pi inatoka, simu inatoka, zinatambulishana huko nje, halafu zinaongea zenyewe kwa siri. Kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Kila kifaa kinapata anwani inayoanza na 100, na haibadiliki uwe Kigali, Goma kwa laini ya Kongo, au Brussels.

Halafu iambie CUPS isikilize. Ndani ya faili la cupsd.conf, mstari wa `Listen localhost:631` ugeuze kuwa `Port 631`, na kwenye sehemu ya `<Location />` ongeza `Allow from 100.64.0.0/10`, yaani waruhusiwe wanaokuja kwa njia ya VPN. Utaona watu wanashauri amri fupi ya `cupsctl --remote-any`, inayoruhusu kila anwani. Inafanya kazi, na kwa sababu hiyo watu huisahau. Usiitumie. Na kama hukihitaji, kizime kile kipande kiitwacho cups-browsed. Septemba 2024 kilikutwa na matundu yaliyompa mtu wa mbali nafasi ya kujiingiza, na matoleo mapya yamezibwa kwa wanaosasisha tu.

Sasa jambo lililonipotezea Jumapili nzima. Ukiwa nyumbani, simu inaiona printa yenyewe, kwa sababu printa inajitangaza kwa sauti kwa vyote vilivyo kwenye Wi-Fi ile. Tangazo hilo halivuki VPN. Ukiwa mbali utafungua orodha ya printa, utaikuta tupu, na utadhani umekosea kila kitu. Hujakosea. Inabidi uiandike kwa mkono. Kwenye Android weka Mopria Print Service, uongeze printa kwa anwani ya Pi. Kwenye Windows ongeza printa kwa anwani ya namna hii: `http://100.x.y.z:631/printers/jina`, ukiweka namba zako na jina ulilolipa printa. iPhone hairuhusu kuandika anwani kwa mkono, kwa hiyo mwenye iPhone ni afadhali abaki na njia ya barua pepe.

Kama printa yako ni ya Wi-Fi, iagize rauta iipe anwani ileile kila siku. Bila hivyo, umeme ukikatika na kurudi, printa inaweza kuamka na namba mpya, na Pi itaendelea kubisha kwenye nyumba ambayo mwenyewe kahama.

Na hili ni la Gisenyi hasa: kama nyumba yako iko karibu na mpaka, rauta ya laini inaweza kuunasa mnara wa Goma ukiwa na nguvu kuliko wa kwetu. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia rauta ijichagulie, na uzime matumizi ya nje ya nchi.

Umeme, wino na unyevu wa ziwa

Yote niliyoeleza yanaweza kukamilika, na karatasi isitoke kwa sababu printa imezimika. Printa nyingi za wino zina mpangilio wa kujizima zenyewe baada ya saa kadhaa. Utafute, uuzime. Kulala ni sawa, maana kazi ikija itaamka, lakini iliyojizima haiamki. Kubwa zaidi, jaribu hili leo: chomoa waya wa printa ikiwa imewaka, hesabu hadi 30, uchomeke tena. Ikiwaka yenyewe, una bahati. Nyingi za wino zinangoja kidole, na hiyo ndiyo sababu kurasa zangu 12 zilikaa hadi mtu alipoamka. Leza zenye swichi ngumu ya kubonyea na kubaki chini hurudi zenyewe. Kama unakwenda dukani kununua printa ya kutumiwa ukiwa mbali, muulize muuzaji aijaribu mbele yako. Hilo ni muhimu kuliko kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Rauta na Pi zinastahili betri yao ndogo ya akiba. Printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na betri ndogo itaanguka pamoja na vyote vinavyoitegemea.

Karatasi zetu zinaishi kando ya Ziwa Kivu. Bunda lililoachwa wazi linanyonya unyevu, pembe zinajikunja, na mashine inavuta mbili kwa pamoja. Acha kama karatasi 20 kwenye trei, nyingine zibaki kwenye mfuko wao uliofungwa. Vumbi jeusi la mawe ya volkano nalo linaingia kila mahali, hasa kwenye printa za kulishia karatasi kwa nyuma, ambazo mdomo wake unatazama juu. Watu huifunika printa yote kwa kitambaa cha kufuma, inapendeza, na siku kazi ikija kutoka mbali karatasi inakigonga kitambaa na kukwama. Funika mdomo wa nyuma kwa karatasi moja iliyokunjwa, mbele pabaki wazi.

Fikiria pia ni nani anayepita pale karatasi inapoangukia. Nilijitahidi sana kuificha taarifa yangu ya benki isionekane na seva za watu, kisha ikakaa nusu siku juu ya printa sebuleni, wageni wakinywa chai kando yake. Sasa printa iko chumbani, na kabla ya kutuma cha siri namuuliza mama watoto kama yupo. Mtu huyo wa nyumbani mfundishe mambo matatu kwa vitendo, ukiwa bado upo: kuongeza karatasi, kutoa iliyokwama kwa kuivuta kuelekea inakotokea bila kuichana, na kukupigia picha ya kioo cha printa kikiandika kosa. Hiyo picha itakuokolea nusu saa ya "taa gani? ya kulia au ya kushoto?"

Sasa ule mstari mweupe. Printa ya wino inayokaa wiki tatu bila kazi, wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa, na palipokauka ndipo panapobaki peupe. Ukiwa nyumbani unaisafisha mapema kwa sababu unaiona. Ukiwa mbali unaijua siku ya haja. Kusafisha kichwa kwa kitufe kunakula wino mwingi, na dawa nafuu ni kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki.

Mwanzoni niliipangia Pi ichape ukurasa wa majaribio kila Jumapili, miraba minne ya rangi, nao ulikwenda moja kwa moja kuwashia mkaa. Kisha nilimpa kaka yangu wa Brussels ile anwani ya barua pepe ya printa, nikaliweka jina lake kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Siku hizi Jumapili baada ya ibada, binti yake wa miaka sita anachora, baba yake anapiga picha na kuituma, na kwa bibi yake hapa Gisenyi inatoka karatasi yenye nyumba, ziwa na mbuzi wa zambarau. Bibi hana simu janja. Zimeshajaza ukuta wa jikoni. Nina ombi moja tu kwa mtoto, na wewe ukipanga hivi umwombe wa kwako vilevile: atie na njano, tena nyingi, jua zima, kwa sababu njano ikikauka jicho haliioni haraka, na utakuja kuigundua siku ya picha ya pasipoti.